Magari ya njia ya panya yamevamia mtaa wenu? Anzeni na daftari

Kama unakaa Kampala au pembeni yake, Najjera, Kyanja, Bunga, Kyaliwajjala, popote ambapo barabara kubwa inashikana asubuhi, hii hali unaijua. Mtaa ulikuwa wa watu wenyewe kwa wenyewe, watoto wanacheza mpira wa kaveera, yaani wa mifuko ya plastiki, barabarani, mama anaanika mihogo pembeni, halafu siku moja mtu akagundua kwamba ukiingia pale kwa muuza mkaa ukapita nyuma ya msikiti unatokea mbele ya jam, akamwambia mwenzake, simu nazo zikaanza kuonyesha njia hiyo hiyo kwenye ramani, na sasa hivi saa moja asubuhi ukitaka kuvuka kununua mkate unasubiri kama vile uko Jinja Road.

Kwetu ilifika hivyo. Mwaka juzi mtoto wa jirani yangu, alikuwa P2, darasa la pili, aligongwa akitoka getini kwao, mguu ukavunjika sehemu mbili. Dereva hakuwa mtu wa mtaa, alikuwa anakwepa jam, na alisimama, akambeba mtoto mpaka hospitali, kwa hiyo siwezi kusema ni mtu mbaya, ila alikuwa anaenda mwendo wa barabara kubwa kwenye njia ya watoto. Tangu siku ile nimekaa vikao vingi, nimeandika barua nyingi, nimesimama barabarani na daftari asubuhi na mapema, na nimeona yanayofanya kazi na yasiyofanya. Naandika hapa yote ili mtaa mwingine usingoje mpaka mtoto aumie ndio uamke.

Jambo la kwanza kabisa, elewa kwamba haya ni magonjwa mawili na watu wengi wanayachanganya. Kuna ugonjwa wa mwendo, yaani magari yanakimbia, na kuna ugonjwa wa wingi, yaani magari ni mengi yasiyo ya hapo. Dawa zake si moja. Kila mtaa ukikasirika unasema tuwekewe hamp, tuwekewe hamp, yaani matuta ya barabarani, na hamp ni nzuri, inapunguza mwendo, lakini mtu anayekwepa jam ya dakika ishirini hawezi kuogopa hamp tatu, atazipanda zote polepole na kesho atarudi. Panya hapiti kwenye tundu kwa kulipenda tundu, anapita kwa sababu upande wa pili kuna unga. Unga wa dereva ni dakika. Ukitaka ahame, hakikisha kupita kwenu hakumpi dakika hata moja ya faida, au hakuna kupita kabisa.

Sasa utajuaje kwenu ni ugonjwa upi? Hesabu.

Kuhesabu

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo mitaa mingi inaposhindwa. Ukienda ofisi ya divisheni ukasema "magari ni mengi sana jamani tunaumia", injinia amesikia hilo neno mara kumi tangu asubuhi. Ukimwekea mezani karatasi inayosema Jumanne saa moja hadi saa mbili asubuhi yamepita magari kadhaa na kati ya hayo kadhaa hayakusimama popote mtaani, atavuta kiti.

Tafuta watu wawili kwa kila mwisho wa mtaa, vijana waliomaliza shule wanaweza, mama wa kibanda anaweza, ili mradi ni watu watulivu. Chagua Jumanne, Jumatano au Alhamisi, maana Jumatatu na Ijumaa zina vituko vyake, na msihesabu wakati shule zimefungwa kwa sababu kila mtu wa Kampala anajua shule zikifungwa jam inapungua, mtapata namba za uongo ambazo mtu atazitumia kuwapinga. Hesabuni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu, halafu saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Karatasi mnaigawa vipande vya dakika kumi na tano, na kila kipande kina safu zake: gari dogo, taksi, boda, lori, na watu wa miguu. Msisahau watu wa miguu! Tulipohesabu mara ya kwanza tuliandika magari tu, na ofisini swali la kwanza likawa je wanaotembea ni wangapi, na watoto je, tukabaki tunatazamana, ikabidi turudie yote upya.

Halafu kuna ujanja mmoja ambao ndio uliotusaidia kuliko yote. Mtu wa mwisho huu na mtu wa mwisho ule, kila mmoja anaandika tarakimu tatu za namba ya gari na dakika lilipopita. Jioni mnakaa mnalinganisha. Gari lililoingia huku saa moja na dakika tano na kutokea kule saa moja na dakika nane halikuja kumtembelea mtu, hilo ni la kupita. Lililoingia na halikutoka, au lilitoka bila kuingia, hilo ni la mwenyeji. Hapo ndipo utajua ukweli, na jiandae kwa sababu ukweli wakati mwingine unauma, inawezekana nusu ya wanaokimbia ni majirani zenu wenyewe wanaochelewa kupeleka watoto shule, na hapo huhitaji barua ya ofisi, unahitaji kikao cha mtaa. Mkimaliza kulinganisha hizo namba zichaneni, hakuna sababu ya kuweka kumbukumbu ya nani alipita wapi.

Mwendo nao unapimwa bila mashine ya polisi. Pima mita 50 kwa tepu, au kwa kamba uliyoipima dukani, weka alama mbili pembeni ya barabara kwa chokaa. Mtu anakaa kibarazani na simu, gari likigusa alama ya kwanza anaanza saa, likigusa ya pili anasimamisha. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 4 na nusu ni 40. Sekunde 3 na kidogo zaidi ya nusu ni 50. Sekunde 3 kamili ni 60, na kwetu tulipata wa sekunde 3, kwenye murram, barabara isiyo na lami, mbele ya nasari. Pimeni magari hamsini hivi, kosa la kidole kwenye gari moja linapotea ukiwa na magari mengi. Na usivae koti la kung'aa, wakikuona wanapunguza, utapima adabu yao badala ya mwendo wao.

Kwa nini ninang'ang'ania hizi 30 na 50? Hebu fikiria mtoto anatokea ghafla mbele ya gari, umbali wa mita 13. Dereva yeyote anahitaji kama sekunde moja ubongo uone na mguu ufike kwenye breki. Gari la kilomita 30 kwa saa linatumia mita 8 hivi kwenye hiyo sekunde, na mita 5 nyingine kusimama, kwa hiyo kwenye lami kavu linasimama hapo hapo kwenye miguu ya mtoto. Gari la kilomita 50 linatembea karibu mita 14 kabla breki haijashika hata kidogo. Maana yake linamfikia mtoto likiwa bado na mwendo wote. Gari lilelile, mtoto yuleyule, dereva yuleyule mwenye macho mazuri. Na hiyo ni lami, kwenye murram yenye vumbi au matope breki zinateleza ni mbaya zaidi. Mi hili huwa nawaambia watu kwenye kikao kwa kuchora chini na kijiti, mita 13 hapa, mita 14 hapa, na wanaume wenye magari wananyamaza.

Barabara ni ya nani

Kabla ya kupeleka barua jua unampelekea nani, vinginevyo utazungushwa miezi. Ndani ya jiji la Kampala barabara za mitaa ziko chini ya KCCA, mamlaka ya jiji, na KCCA ina divisheni tano: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Ukivuka kidogo tu, Kyaliwajjala au Najjera, hiyo si KCCA tena, hiyo ni Wakiso, manispaa ya Kira, na watu wengi hawajui wanapoishi mpaka umewaambia. Barabara kuu za taifa zilikuwa za UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, ila UNRA ilivunjwa na kazi zake zikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, kwa hiyo kama shida yenu inaanzia kwenye makutano na barabara kuu, nakala ya barua iende wizarani pia. Na kuna njia nyingine ni za estate binafsi, mwenye ardhi ndiye mwenye neno, hizo ziulizeni kwanza.

Njia ya barua ni hii: mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kwanza. Kamati ya LC1 ina watu kumi, na mtu wa kumtafuta mapema ni difensi, kwa sababu usalama wa kijiji ndio kazi yake, na akikubali yeye wengine wanafuata. Ombeni kikao cha kijiji, kiandikwe, watu wasaini, mhuri upigwe. Barua isiyo na mhuri wa LC ni kama hujaandika. Kisha diwani wenu wa divisheni apate nakala, halafu ndio ofisi ya injinia, na mkipeleka hakikisheni mmegongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, muihifadhi, kwa sababu barua hupotea na mtu aliyeipokea huhamishwa.

Ndani ya barua usiandike hadithi ndefu. Ukurasa mmoja: mtaa uko wapi, namba zenu za hesabu, mwendo mliopima, shule ngapi na watoto wangapi wanapita, ajali mlizoshuhudia na tarehe zake, na mnaomba nini hasa. Ambatanisha ramani mliyochora kwa mkono. Unaweza kukumbusha kwamba ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani Uganda, kutoka 4,806 mwaka 2023. Pia mwaka 2020 nchi zilizokutana Stockholm kuhusu usalama barabarani zilikubaliana kwamba pale watu wa miguu wanapochanganyika na magari mwendo uwe kilomita 30, kwa hiyo hamuombi kitu cha ajabu. Mnakumbuka Juni 2025, faini za kamera zilipoanza watu walipiga kelele hadi zikasimamishwa kwa muda, na wengi walikuwa wanalalamikia hiyo 30. Mimi naona kwenye barabara pana ya njia mbili mbili mtu anaweza kubishana. Mbele ya geti la nasari hakuna cha kubishana.

Msijenge usiku

Hili naliweka peke yake. Mtaa wa jirani walichoka kusubiri, vijana wakamwaga udongo usiku wakapiga hamp yao kubwa kama kaburi. Asubuhi yake kabla jua halijatoka boda alikuja na abiria mwanamke, hakuna rangi, hakuna alama, akaruka, wote wawili chini, mama akapoteza meno. Wiki iliyofuata mvua ikanyesha na lile tuta likawa bwawa, maji yakaingia nyumba mbili za upande wa chini. Walikuwa na haki ya kukasirika, ila waliokuja kuumia ni watu wa hapo hapo. Na ukifunga barabara ya umma kwa geti au magogo bila ruhusa, siku nyumba inaungua na gari la zimamoto limekwama, kijiji kizima kitakutazama wewe.

Hamp sahihi si kaburi. Ile iliyofanyiwa majaribio Uingereza miaka ya 1970, ambayo nchi nyingi bado zinaiga, ina urefu wa mita 3.7 ukiifuata barabara na kimo cha sentimita 10 tu katikati, inapanda polepole inashuka polepole. Ukienda 30 unaipita vizuri hata na mjamzito ndani ya gari, ukienda 50 inakutupa. Zile fupi zenye ncha zinamtesa mgonjwa wa ambulensi na kuvunja ekseli za taksi, na mwenye gari la juu hazimsumbui kabisa. Hamp moja peke yake nayo haina maana, mtu anapunguza hapo anakanyaga mafuta mbele, kwa hiyo zifuatane, pasizidi mita 100 hivi kati ya moja na nyingine. Ya kwanza iwe karibu na mwanzo wa mtaa, kabla dereva hajapata mwendo. Msiweke chini ya dirisha la mtu anapolala, lori tupu likipita hapo usiku ni radi. Na pembeni pande zote acheni maji yapite mferejini. Kwenye murram hamp ya udongo haikai, mvua mbili imeondoka, ombeni ya zege au ya mawe yaliyopangwa, na kama ofisi itawaambia subirini lami basi ombeni angalau ile ya mbele ya shule.

Kuhusu shule, kuna mfano wa karibu wa kuwaonyesha wakubwa. Dar es Salaam shirika la Amend lilifanya mradi unaoitwa SARSAI, walienda kwenye shule ambazo watoto wanagongwa sana, wakaweka hamp, njia za miguu, zebra, vizuizi vya nguzo, wakahamisha geti la shule pale lilipotokeza barabara mbaya, wakawafundisha watoto, na walipochunguza majeraha ya watoto yalikuwa yamepungua kwa asilimia 26 hivi. Mwaka 2019 ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji. Hakuna mashine ya ajabu mle, ni zege, rangi na nguzo. Lile la kuhamisha geti naomba mlifikirie, maana shule nyingi huku kwetu geti linafunguka moja kwa moja barabarani wakati kuna uchochoro mzuri nyuma.

Dawa ya wingi

Sasa turudi kwenye unga wa panya. Kama hesabu yenu ya namba imeonyesha magari mengi ni ya kupita, dawa yenye nguvu kuliko zote ni kuikata njia katikati kwa magari tu. Nguzo tatu au nne za chuma au zege, au vyungu vikubwa vya zege vyenye miti, mtu wa miguu anapita, kiti cha magurudumu kinapita, baiskeli inapita, gari halipiti. Kila nyumba bado inafikika kwa gari, ila kwa upande mmoja tu, na mtaa haumpeleki tena mtu mbele ya jam. London na Barcelona wamefanya mitaa mingi hivyo, na KCCA wenyewe walishajenga njia ya watu wa miguu na baiskeli katikati ya mji, Namirembe Road na Luwum Street, kwa hiyo injinia akikwambia hajawahi kusikia mkumbushe kwa heshima.

Mambo ya kuangalia hapo. Nguzo ya katikati iwe ya kung'oka, na kufuli, funguo moja kwa mwenyekiti, moja kwa difensi, moja kwa nyumba iliyo karibu kabisa na nguzo ambayo huwa na mtu usiku, kwa ajili ya zimamoto na ambulensi. Kukiwa na nafasi ya lori la taka kugeuka ni vizuri, kama hakuna jadilianeni na wenye lori kabla, si baada. Na boda watapita kwenye nguzo, hilo likubalini mapema, nafasi inayopitisha kiti cha magurudumu inapitisha boda. Kama boda nao wanakimbia wekeni vizuizi viwili vya kupishana, huyu kushoto huyu kulia, ili alazimike kukata kona, mwendo unaisha wenyewe.

Njia ya upande mmoja watu huipendekeza sana kwenye vikao kwa sababu inaonekana ni kibao tu. Mi naipinga kwa mitaa ya kukaa watu, isipokuwa ni nyembamba kabisa. Dereva akijua hakuna anayekuja mbele yake anaongeza mwendo, na boda hawataifuata hata siku moja, kwa hiyo mama anayevuka anaangalia upande mmoja huku boda anamjia upande wa pili.

Kibao cha kukataza kukunja kona saa za asubuhi kinafanya kazi pale tu askari wa trafiki anaposimama. Kama kituo kinaweza kuwapa askari wiki mbili za kwanza kikao kikubali, ila msiutegemee huo kama ndio mpango wenyewe.

Na ramani za simu. Kama njia yenu kwa kweli ni ya estate au ina kizuizi, tumeni marekebisho kwenye ramani, Google Maps na OpenStreetMap zote zinapokea, na baada ya nguzo kuwekwa ni lazima mtume, la sivyo watu wataendelea kuletwa mpaka kwenye nguzo na kugeuza kwa hasira getini kwa mtu. Msidanganye kwamba barabara imefungwa wakati haijafungwa. Ambulensi nayo inaangalia simu.

Watu wa kukaa nao kabla ya kusaini

Steji ya boda kwanza. Nimeona mitaa inawatukana boda kwenye kikao halafu inashangaa mradi unapigwa vita. Mwenyekiti wa steji ni mtu wa kuheshimiwa, mwende kwake, mkae naye kwenye benchi, "ssebo (bwana) tumekuja tusaidiane", mwelezeni. Boda wa steji ya mtaa anamjua kila mtoto, na yeye ndiye anayegongwa na hao wanaokwepa jam. Kwetu wao ndio waliokubali mwendo mdogo ndani ya mtaa na mwenzao akikimbia wanamsimamisha kazi siku moja, wenyewe, bila polisi. Halafu mwenye duka, anaogopa wateja watapungua, mwonyesheni kwenye hesabu yenu kwamba magari ya kupita hayasimami kununua, wanaonunua ni wale wa miguu. Halafu nyabo, mama mwenye kibanda kilichotoka mpaka barabarani, na huyu msimwonee, mtafutieni pa kusogea kabla ya kumwambia asogee.

Na mtaa wa pili. Huu ndio moyo wangu. Ukifunga wako bila kuwaambia, magari yote yatahamia kwao, na mara nyingi wao ndio maskini zaidi, nyumba zimebanana, watoto ni wengi, na hawana mtu wa kuwaandikia barua. Wahesabuni na wao, waiteni kwenye kikao tangu siku ya kwanza, barua iwe moja ya mitaa yote iliyoko kati ya barabara kubwa na barabara kubwa. Huku kwetu kikao kina Waganda, Waacholi, Walugbara, Wakongo, Wakenya, tunaongea Kiswahili na Kiganda vinachanganyika, na mwanamke mmoja Mkongo wa mtaa wa chini ndiye aliyetuambia wazi kwamba mkifunga kwenu sisi tutakufa. Tukabadilisha mpango wote. Nguzo zikaombwa sehemu mbili badala ya moja.

Ofisi ikikubali, ombeni kwanza majaribio, miezi miwili au mitatu, kwa mapipa yaliyojazwa mawe na kupakwa rangi nyeupe na nyekundu, yenye kung'aa usiku. Watu wanaopinga hupoa wakijua ni jaribio, na mkiona pipa limekaa vibaya mnalisogeza, zege halisogei. Hesabuni tena wiki ya nne, siku zile zile, saa zile zile, na kwenye mtaa wa pili pia. Wiki ya kwanza msiihesabu, kila kitu kitakuwa vurugu na watu watapiga kelele, vumilieni.

Wakati mnasubiri

Yapo ya kufanya Jumamosi hii bila ruhusa ya mtu, mradi LC anajua. Bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya mtaa, ya asubuhi moja inatosha: kata michongoma na migomba inayoziba kona ili dereva na mtoto waonane, zibua mfereji na funika pale palipo wazi ili watu wa miguu wawe na pembeni pa kupita badala ya kutembea katikati, ondoa mchanga wa ujenzi aliomwaga mtu barabarani. Kila nyumba yenye taa ya geti iiwashe saa kumi na moja na nusu alfajiri maana watoto wa Kampala wanaondoka giza. Wazazi wagawane zamu, mtu mzima mmoja anatembea na watoto kumi kwenda shule, mbele mmoja nyuma mmoja kama ni wadogo sana. Shoneni kipande cha kitambaa cha kung'aa nyuma ya begi, bei yake ni ndogo na usiku kinaonekana mbali. Magari ya kwenu wenyewe yasipaki kwenye kona.

Ajali ikitokea piga 999 au 112, wekeni mtu kila upande wa kusimamisha magari, msimwinue majeruhi hovyo kama shingo au mgongo umeumia, na dereva msimpige. Andikeni tarehe, saa na mahali kwenye daftari siku hiyo hiyo, hata kama hakuna aliyeumia, hata kama ni mbuzi. Orodha ya ajali ndogo ndogo ndiyo iliyomfanya injinia wetu atoke ofisini akaja kuona kwa macho.

Kwetu hamp nne zimewekwa, nguzo za sehemu ya kwanza zimesimama, za sehemu ya pili barua iko wizarani maana zinagusa makutano ya barabara kuu. Rangi ya hamp tunairudia wenyewe mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Septemba, kwa sababu hamp isiyoonekana usiku inamwangusha boda, na brashi na ndoo vinakaa kwa difensi pamoja na funguo yake ya nguzo.